Atomi Zilizokimbilia Koti Langu

Leo Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, nimepoteza heshima yangu yote mbele ya wanafunzi thelathini na wawili, mkuu wa shule na mtani wangu mmoja. (Haikuwa nyingi. Lakini ndiyo niliyokuwa nayo.)

Naandika hapa kundini mapema ili msikie kwangu mwenyewe. Wale wanafunzi wametoka shule saa nane, na kufikia jioni habari itakuwa imeshafika Bukene bila kupanda treni.

Aliyetangulia kupotea ni mdogo wangu Elisha. Miezi minne sasa. Wengi wenu mlikuja kuzika, na baadhi mlikaa nasi matanga mpaka siku ya mwisho. Alikuwa mwalimu wa kemia, kidato cha tano na cha sita. Mimi mnanijua: fundi baiskeli hapa Isevya, darasa la saba, basi. Tulitoka Bukene wawili. Yeye akachukuliwa na shule, mimi nikachukuliwa na spana.

Mwaka jana alikuja kibandani na karatasi yenye mchoro.

"Kaka, nitengenezee hii."

"Hii ni nini?"

"Mashine ya kupimia uzito wa atomi."

"Atomi nitazitoa wapi mimi?"

"Unazo. Umezikalia."

Nilikuwa nimekalia kopo la gololi za chuma.

Akanieleza palepale, mimi nikiziba pancha. Atomi haionekani kwa macho, wala hakuna mizani ya kuiweka. Kwa hiyo wataalamu wanaigonga mpaka inadondosha elektroni moja. Ikishapungukiwa hivyo inakuwa na chaji, na kitu chenye chaji kinaweza kusukumwa. Wanaisukuma iende mbio, wanaipitisha kando ya sumaku, na sumaku inaipinda njia. Nyepesi inapinda sana. Nzito inapinda kidogo. Ukiona ilipoangukia, umeshajua uzito wake, na wala hukuigusa.

"Hao watu wana akili," nikasema.

"Na wewe utaniwekea yote hayo kwenye ubao mmoja," akasema.

Nikamwekea. Ubao wa mninga, mkubwa kama mlango wa kabati. Madigadi ya baiskeli kuukuu ndiyo mteremko: gololi unaiachia juu, inashuka nayo mpaka ubaoni kwa mbio zilezile kila mara. Sumaku ya spika ya redio nikaifunga chini ya ubao, upande wa kulia. Mwisho wa ubao nikapigilia vikopo viwili. Cha kulia ni cha gololi ndogo, zile za gurudumu la mbele, ambazo zinapinda sana. Cha kushoto ni cha gololi kubwa za gurudumu la nyuma, ambazo sumaku haizisumbui sana. Elisha alikuja kuujaribu mara moja tu. Ukafanya kazi, akapiga makofi peke yake kibandani mpaka wateja wakageuka. Wiki iliyofuata akalazwa.

Baada ya hapo ubao umekaa nyumbani kwangu, umefunikwa turubai. Nikipita pale nilikuwa napita nikitazama upande mwingine.

Jumanne wiki hii akanipigia simu Mwalimu Chilongani. Huyu ndiye mwalimu wa kemia aliyeshika vipindi vya Elisha. Ni mama wa Kigogo, na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu kamili. Babu zake waliwatoza babu zangu hongo, ule ushuru wa njia, walipopita kwao na mizigo ya kupeleka pwani, na yeye hajaona sababu ya kuacha. Siku ya mazishi alikalia sepetu zote, akagoma kunyanyuka mpaka apewe kuku. Akapewa. Jogoo.

"Mpagazi," akaanza, bila hata salamu. "Mzigo wa marehemu bado uko kwako?"

"Upo, mtoza hongo."

"Ulete Ijumaa. Watoto wamesoma ile mashine kwa Kiingereza wiki mbili, wameikariri yote na hakuna aliyeielewa. Mkuu wa shule atakuwepo. Ameshasema: ubao ukifanya kazi, unabaki maabara na jina la Mwalimu Elisha juu yake. Usipofanya kazi, unarudi nao, na pale mahali anaweka kabati la vitabu."

Nikamwambia nitakuja. Kisha nikakaa chini kidogo.

Maana nitasema kweli: nyumba ya Elisha ilikuwa ya kupanga, vitabu vyake vilikuwa vya shule, na watoto hakujaliwa. Kitu alichokibuni mwenyewe, kikasimama, ni ule ubao tu. Sikutaka uchekwe. Mimi nichekwe sawa, nimezoea.

Leo asubuhi nikavaa koti. Ninalo moja, na mara ya mwisho nililivaa matanga. Nikaufunga ubao nyuma ya baiskeli, nikaikokota taratibu. Kabla sijafika barabara kubwa nikamkuta mzee mmoja amechutama mchangani, gurudumu la nyuma la baiskeli yake liko mikononi, uso umemjaa huzuni.

"Mwangaluka," akaniamkia.

"Mwangaluka, mzee wangu. Shikamoo. Zimemwagika?"

"Marahaba. Zote, mwanangu. Naona mchanga tu."

Mnajua mchanga wa Tabora. Gololi ikianguka, imeanguka. Ndiyo maana fundi yeyote wa hapa anatembea na sumaku yake, kama vile wengine wanavyotembea na kitambaa cha jasho. Nikatoa yangu kwenye mkoba wa spana. Ni kubwa, ya spika, upana wa kiganja. Nikaipitisha juu ya mchanga mara tatu, gololi zikaruka zenyewe. Nikamfungia gurudumu, akanibariki kwa Kinyamwezi kirefu, na mimi nikaona nimechelewa. Sumaku nikaitumbukiza kwenye mfuko wa koti, nikaondoka mbio.

Nikafika. Maabara imejaa. "Shikamoo, fundi!" wakaimba wote. Nikasema marahaba, sauti ikatoka nyembamba kama pampu yenye kutu. Mkuu wa shule amekaa mbele kwenye kiti chake, miwani puani. Mkuu huyu pia ni mzee wa kanisa letu, na ndiye aliyeongoza sala ya kufunga matanga. Nikamwamkia, nikauweka ubao juu ya meza.

Mwalimu Chilongani akanitambulisha. "Huyu ni kaka wa Mwalimu Elisha. Ni Mnyamwezi, kwa hiyo ameuleta ubao kwa mguu. Hawa watu hawajui kubebwa, wanajua kubeba."

Watoto wakacheka. Na mimi nikacheka. Mambo yalikuwa mazuri bado.

Nikasimama upande wa kulia, nikausogelea ubao mpaka ukingo ukanigusa kiunoni. (Mfuko wa koti uko wapi? Kiunoni. Msicheke bado.) Nikawaeleza kama Elisha alivyonieleza mimi: kugonga, kusukuma, kupinda. Walikuwa wanasikiliza! Msichana mmoja wa meza ya mbele, jina lake Kabula, alikuwa hata anaandika.

"Sasa," nikasema, "gololi ndogo itaingia kikopo cha kulia."

Nikaiachia. Ikashuka kwenye madigadi, ikaingia ubaoni, ikapinda vizuri kuelekea kulia. Ikaendelea kupinda. Ikakipita kikopo. Ikapotea.

Nikatazama sakafuni. Hakuna.

"Imedondoka," nikasema. "Hiyo ilikuwa ya kupasha moto."

Nikaachia kubwa. Ikapotea. Nikaachia ndogo nyingine. Ikapotea. Nikainama chini ya meza, sikuona kitu. Nikasema labda meza imelala upande mmoja, nikakunja karatasi, nikaitia chini ya mguu wa meza. Mkuu wa shule akatazama saa.

Hapo nikafanya jambo la kijinga. Nilijiambia moja moja zinanidanganya, wacha nizitume kwa wingi. Nikachota kumi kwa mpigo, ndogo na kubwa, nikaziachia zote.

Zikashuka kwa kelele. Zikafika ubaoni. Zikakata kona zote pamoja kama ng'ombe walioona maji, zikaja kwangu. Ta-ta-ta-ta-ta!

"Fundi," Kabula akasema kwa adabu kubwa, "ziko kwenye koti."

Nikatazama. Gololi kumi na tatu zimening'inia nje ya mfuko wangu, zimeshikamana kama kupe kwenye sikio la ng'ombe wa kule Choma. Nilipojaribu kuzipangusa zikahamia upande wa pili wa mfuko.

Maabara ikapasuka. Kuna mtoto alilala juu ya meza. Mwingine akapiga kelele kutoka nyuma: "Atomi zimemtambua baba yao!" Mwalimu Chilongani alikuwa ameshika ukuta.

"Fundi," mkuu wa shule akasema, akijibana asicheke, "mfukoni una nini?"

"Sumaku, Mkuu. Nimesahau. Nilimwokotea mzee mmoja gololi njiani."

"Hebu itoe."

Nikaingiza mkono, nikaitoa, nikaiweka mezani watu wote waione. Haikuja peke yake. Ilikuja na kila chuma kilichokuwa kimelala kwenye mfuko huo. Kulikuwa na ufunguo wa kukazia spoku. Kulikuwa na pini mbili. Na kulikuwa na vizibo vitatu vya bia.

Ndugu zangu, natamani ningeishia hapa.

Mkuu wa shule akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaviangalia tena vile vizibo. Mimi nilitaka kusema nimeviokota. Neno lilishafika kwenye meno. Fundi anaokota vyuma, nani angebisha? Lakini nimesimama mbele ya ubao wa mdogo wangu, nawafundisha watoto wa watu, halafu nianze uongo? Sikuweza.

"Ni vyangu, Mkuu. Vya siku ya mwisho ya matanga. Wakati ule mnanitafuta nitoe neno la shukrani, nilikuwa nyuma ya jiko."

"Vitatu?"

"Vitatu ndivyo vilivyonasa. Vingine sikuvitia mfukoni."

"Jamani!" Mwalimu Chilongani akapaza sauti. "Na mimi nikasimama kutoa shukrani kwa niaba ya ukoo! Mgogo mzima nawashukuru waombolezaji kwa jina la Wanyamwezi, nimelia mpaka khanga imelowa, kumbe mwenye msiba anakunywa mtori wa chupa! Utanilipa mbuzi, wewe!"

Sasa hata mkuu wa shule alicheka. Alicheka huku anatikisa kichwa, na alipomaliza akasimama, na niliona usoni mwake kwamba ananionea huruma. Hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko kicheko.

"Fundi, tunakushukuru kwa kuja. Tunajua una uchungu. Lakini nafikiri ubao huu urudi nyumbani."

Watoto wakaanza kufunga madaftari. Nikausikia mkono wangu umeshika ukingo wa ubao, umeshika kweli, kama mtu anayezuia kitu kisiporomoke.

"Mkuu," nikasema. "Samahani. Ubao haujakosea. Umenyooka kuliko mimi. Sumaku yangu imeivuruga sumaku ya Elisha, basi. Naomba nivue koti nijaribu mara moja. Ukishindwa naubeba mwenyewe."

Akatazama saa. Akakaa.

Nikavua koti na kulitupa mbali, mpaka dirishani, na ile sumaku nikampa Kabula aipeleke huko huko. Kuvua koti kukazaa aibu nyingine, maana shati langu liko safi kola na kifua tu. Mgongoni lina alama ya pasi ya mkaa. Si alama kidogo. Pasi nzima, na mpini ungekuwepo kama pasi zingekuwa zinaunguza kwa mpini. Nikasikia wanaanza upya nyuma yangu. Sikugeuka.

Nikachukua gololi nne kama Elisha alivyoniagiza: tatu ndogo, moja kubwa. Nikazichanganya kwenye kiganja, nikaziachia moja baada ya nyingine.

Ndogo. Kikopo cha kulia. Ting!

Ndogo. Kulia. Ting!

Kubwa. Ikaja, ikaisikia sumaku, ikayumba kidogo tu kama mtu mzima aliyeitwa na mtoto, ikanyoosha, ikaingia kushoto. Tong!

Ndogo. Kulia. Ting!

Hapakuwa na aliyecheka tena. Nikarudia. Tatu kulia, moja kushoto. Nikarudia tena.

"Hiyo ni klorini," nikasema. "Mdogo wangu aliniambia zote ni klorini, protoni zilezile kumi na saba, tabia moja. Ila zile kubwa zimebeba nyutroni mbili zaidi. Kwa hiyo za kulia zina uzito wa thelathini na tano, na ya kushoto thelathini na saba. Zaidi ya hapo mimi sijui, mwulizeni Mwalimu."

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Fundi, kitabu kinasema klorini ni thelathini na tano na nusu. Kwa nini hakuna kikopo cha nusu? Hiyo atomi yenye nusu iko wapi?"

Nikamtazama Mwalimu Chilongani aniokoe. Akakunja mikono. (Mtani ni mtu mbaya sana.)

"Kitabu sikijui," nikasema. "Lakini mimi gololi nimezishika miaka ishirini na sita, na nusu gololi sijaiona. Hebu nihesabieni hizi zilizopita. Tatu za thelathini na tano, moja ya thelathini na saba. Zote jumla?"

"Mia moja arobaini na mbili," wakasema.

"Ziko ngapi?"

"Nne."

"Gawanyeni."

Zikasikika kalamu. Kisha Kabula akainua kichwa, akasema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Thelathini na tano na nusu. Kumbe ni wastani. Hakuna atomi yoyote yenye uzito huo."

Halafu darasa zima likasema "Aaaaa!" Watu thelathini na wawili kwa pamoja. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Baiskeli ikipona haisemi.

Nikadhani yameisha. Mwalimu Chilongani akaenda mwenyewe dirishani, akarudi na koti, sumaku imesharudishwa mfukoni.

"Vaa," akasema.

"Mwalimu, tafadhali."

"Vaa, mpagazi. Leo mzigo wako ni sumaku." Akawageukia watoto. "Sikilizeni. Mashine ya kweli haina vikopo viwili. Ina mlango mmoja tu. Wanaongeza nguvu ya sumaku kidogo kidogo, na kila uzito unafika mlangoni kwa zamu yake. Niliwafundisha hilo Jumatatu mkanitolea macho. Sasa kikopo cha kushoto tukisahau. Mlango ni cha kulia. Fundi atakuwa ndiye nguvu ya sumaku."

Nikavaa. Nikasimama kiganja kimoja kutoka ukingoni. Mtoto akaachia gololi kubwa. Ikafika, ikavutwa zaidi ya mwanzo, na badala ya kwenda kushoto ikaingia kikopo cha kulia. Ting! Akaachia ndogo: ikapitiliza mlango, ikaja kwenye koti. Nikarudi nyuma hatua moja, ndogo ikaingia, kubwa ikaenda zake kushoto.

Wakainuka wote kwenye viti.

"Fundi, sogea!"

"Fundi, rudi! Rudi kidogo!"

"Umezidi! Umezidi!"

Nikawa nakwenda mbele na nyuma kama mlango wenye upepo, koti limejaa gololi, mgongo una pasi, na kila nilipofika pale pale panapotakiwa darasa linashangilia kama mpira umeingia golini. Mkuu wa shule hakuweza kuvumilia kiti. Alikuja, akamsogeza mtoto aliyekuwa anaachia gololi, akaanza kuziachia yeye.

"Fundi, nusu kiganja!" akaniamuru. "Hapo! Usipumue!"

Sikupumua. Ting!

"Mlango mmoja," mkuu akasema, anahema. "Nguvu ikibadilika, uzito unaoingia unabadilika. Mimi nimesoma hii kitu zamani nikafaulu, na leo ndiyo naiona."

Kengele ikalia, hawakutoka. Ikabidi Mwalimu Chilongani awafukuze. Kabula alikuwa wa mwisho, akaomba kujaribu mara moja, akajaribu mara sita.

Tukabaki watatu. Mkuu wa shule akachukua kalamu ya wino mzito, akaniuliza jina la marehemu linaandikwaje. Nikamtajia. Akaandika juu kabisa ya ubao, kwa herufi kubwa zilizonyooka: MWALIMU ELISHA.

"Na lako?" akauliza. "Wewe ndiye uliyefanya kazi leo."

"Hapana, Mkuu. Wazo ni lake. Mimi nilipigilia misumari na kuvuruga."

Hakubishana. Akafunika kalamu, akanipa mkono, akatoka. Mimi nikasimama pale nalitazama lile jina. Herufi ziliacha kuonekana vizuri. Nikashika meza.

Mwalimu Chilongani akanisogezea kiti, akafunga mlango.

"Lia," akasema. "Ila lia upesi, mpagazi. Saa tano na nusu wanaingia watu wa biolojia na vyura wao."

Nikalia upesi.